Ng'ombe Waliojaza Laptop

Mume wangu alikuwa na dini mbili. Ya kwanza tulikwenda pamoja kila Jumapili, watoto mbele, sisi nyuma. Ya pili ilikuwa ya laptop yake, na katika hiyo yeye peke yake alikuwa mchungaji, mzee wa kanisa na kwaya nzima. Alikuwa ameufuta ule mfumo uliokuja na laptop kutoka dukani, ule wenye alama ya dirisha, ambao pale nyumbani tuliuita Madirisha. Mahali pake akaweka mfumo wa bure wenye picha ya pengwini. Tangu siku hiyo hatukupumua. Mtu akija kwetu Kiamunyi, hapa Nakuru, hata kama amekuja kuomba chumvi tu, aliondoka amehubiriwa kwamba Madirisha ni kama kunguni, akishaingia hatoki. Krismasi moja alisimama mbele ya kaka zangu, mfupa wa mbuzi mkononi, akaapa: "Madirisha haitaingia tena kwa hii laptop. Nikiwa hai!" Kaka zangu wakapiga makofi. Hawakujua anasema nini, lakini nyama ilikuwa yake.

Mimi wakati huo sikujali. Nilikuwa greda katika shamba moja la maua kule Naivasha. Kazi ya greda ni kusimama mbele ya meza ndefu ndani ya banda la baridi, kupanga waridi kwa urefu, na lenye kasoro kulitupa chini ya meza. Wiki nzima nililala Karagita, mtaa wa huko huko Naivasha, katika chumba kimoja cha kupanga. Jumamosi jioni nilikuja Kiamunyi kuwaona watoto, na Jumatatu kabla hakujakucha nilikuwa njiani narudi. Mama mkwe alikuwa ametuhamia kutoka Molo ili awaangalie, akaacha ng'ombe wake kwa jirani, na kila Jumamosi alinipokea kwa habari za jinsi jirani huyo anavyowapimia majani kwa kiganja. Mtoto wetu mdogo alikuwa na utani wake wa kunikimbilia getini akiita, "Mgeni wa Jumamosi amefika!" Wengine walicheka. Mimi ilikuwa inanichoma roho.

Basi zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha akina mama ilipofika, sikununua kochi kama wenzangu. Nilinunua mashine ya kudarizi, iliyokwisha kutumiwa lakini nzima. Mwalimu mkuu wa shule moja hapo karibu aliniambia, "Niletee sweta moja tu yenye beji ya shule. Nikiipenda, sweta za shule yote ni zako." Nikaomba likizo isiyo na malipo. Msimamizi wangu kule Naivasha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema Jumatatu ya mwisho wa mwezi nisipoonekana kwenye meza yangu, meza hiyo atapewa mwingine. Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi. Ama nipate beji juu ya sweta kabla ya Jumatatu ile, ama nirudi Karagita niendelee kuwaona wanangu kwa zamu.

Mashine ile haichori. Inashona tu picha unayoiletea kwa flashi, na picha inatengenezwa kwa programu iliyouzwa pamoja nayo, yenye kifunguo kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa laptop. Bila kifunguo haifunguki. Na programu hiyo, nilipoisoma karatasi yake vizuri, ilikuwa inafanya kazi kwa Madirisha peke yake.

Nilimwambia mume wangu tukiwa mezani. Akaweka tonge chini.

"Hapana," akasema.

"Ni kwa siku chache tu."

"Mama watoto, mimi niliapa."

"Uliapa mbele ya mbuzi."

Mama mkwe alicheka mpaka sukuma wiki ikampalia. Mwanawe hakucheka. "Na hata kama singeapa," akasema, "haiwezi kutoshea. Laptop haina nafasi." Nikamwacha. Sikumuuliza ni nini kinachojaza laptop ya mtu anayejisifu kwamba hahitaji chochote duniani ila Pengwini.

Sasa, mimi si mtu wa kuambiwa hapana mara moja nikaenda kulala. Nilisoma kwa simu yangu kesho yake, nikasoma tena, mpaka nikakutana na jambo ambalo lilinikalisha kitako. Kumbe kuna programu za kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta! Pengwini anabaki mwenye nyumba, Madirisha anapewa chumba humo ndani, naye maskini anaamini ana boma lake mwenyewe. Wataalamu wanaiita mashine pepe. Mfumo ulio nje wanauita mwenyeji, ulio ndani wanauita mgeni. Nikakipima kile kiapo cha Krismasi upya. Madirisha isingeingia kwa laptop. Ingeingia kwa mashine pepe, na mashine pepe si laptop. Hakuna hakimu pale Nakuru ambaye angenifunga.

Neno la siri la laptop nilikuwa nalo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naprinti ratiba za kanisa. Mume wangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga mjini, anaondoka asubuhi, laptop inabaki kabatini. Nikangoja mlango wa gari lililomchukua ufungwe, nikaanza.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu mtandaoni alisisitiza ni kwamba kabla ya yote uingie kwenye mipangilio ya chini kabisa ya laptop, ile inayoonekana kabla mfumo haujaamka, uwashe swichi inayoruhusu mashine pepe, kwa kuwa laptop nyingi hutoka dukani ikiwa imezimwa. Nilibonyeza, nikaingia, nikatafuta. Nikakuta imewashwa tayari. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mimi mjinga, badala ya kujiuliza nani aliiwasha.

Ikaja kazi ya kuchagua. Programu hizo ni kadhaa, na kila moja ina mashabiki wake wanaotukanana mtandaoni kama watu wa kampeni. Huyu anasema ya mwenzake ni takataka, yule anasema mama yako. Sikuwa na wakati wa kampeni. Greda haulizi waridi limetoka kwa nani. Unalishika, unatazama shingo, majani, kichwa, unaamua. Nikaziweka tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa mrembo, wallahi. Vitufe vinang'aa, kila kitu mahali pake. Lakini kabla haijanionyesha hata mlango ilitaka nifungue akaunti. Jina? Barua pepe? Cheo chako kazini? Kampuni yako ina wafanyakazi wangapi? Nikaandika mfanyakazi mmoja, na yuko likizo. Ikaendelea tu kuuliza. Mama mkwe mwenyewe siku niliyopelekwa kwao hakuniuliza maswali yote hayo, na yeye alikuwa na haki. Mwishowe ikanieleza kwamba hii ni ya majaribio, itajifunga yenyewe muda ukiisha. Nikaitupa chini ya meza.

Ya pili ilikuwa ya Pengwini mwenyewe, imekaa tumboni mwake tangu kuzaliwa. Mashabiki wake walisema ina mbio kuliko zote, na ni kweli, niliona. Shida ni kwamba ukitaka kuiambia kitu unaandika kwa skrini nyeusi, na ukisahau kistari kimoja inakujibu kama karani aliyeamshwa usingizini. Nilipata mgeni mdogo wa kujaribia, akaamka. Nikachomeka kifunguo cha programu yangu. Pengwini akakiona. Mgeni aliye ndani hakukiona. Nikauliza mtandaoni, nikajibiwa niandike mistari ya maneno mirefu, nikaiandika, na bado kifunguo kikabaki nje kama mtu aliyekosa kadi ya harusi. Najua wapo wanaoiweza, na ninawapa heshima yao. Mimi nilikuwa na sweta ya kumaliza. Nikaiweka chini ya meza, lakini polepole.

Ya tatu haikuwa na sura. Rangi zake zilichujuka kama kalenda ya zamani, na mashabiki wa zile nyingine waliicheka kwamba inajikokota. Lakini nilipotazama picha za maelezo yake, niliona pale chini kuna alama ndogo ya waya. Ukiibonyeza inakuonyesha vyote vilivyochomekwa kwa laptop, unachagua kimoja, na mgeni anakipata mkononi. Basi! Hakuna mistari, hakuna maswali ya cheo. Kule Naivasha tulikuwa na waridi za namna hiyo, hakuna mtu anayezipiga picha, lakini zinafika sokoni zikiwa zimesimama. Nikasema, huyu ndiye.

Nikamwagiza Pengwini ailete. Pengwini akanijibu kwamba programu hiyo ipo tayari.

Nilidhani nimekosea jina. Nikaandika tena, jibu likawa lile lile. Nikaitafuta kwenye orodha ya programu, haipo. Mtu alikuwa ameificha isionekane. Nikaiita kwa jina lake moja kwa moja, ikafunguka mbele yangu, na pale upande wa kushoto palikuwa na mgeni mmoja amelala, jina lake "Hesabu za Kiwanda".

Hapo nieleze kidogo. Kila jioni kabla ya chakula mume wangu alikuwa na tabia ya kukaa kwenye meza ya pembeni, hedfoni masikioni, akifanya hesabu za kiwanda. Watoto walinyamazishwa. Redio ilizimwa. Mama mkwe alitembea kwa vidole. Kwa hiyo nilipomwona mgeni huyo nilisema moyoni, pole baba watoto, kumbe kiwanda nacho kinakulazimisha, na kwa ajili ya kiapo unaona haya kusema. Sikumgusa. Kazi ya mtu ni kazi ya mtu, na mimi nilifunzwa adabu.

Nikatengeneza mgeni wangu kando. Programu ikaniuliza nataka kumpa mgeni memori kiasi gani, ikaniwekea kitu cha kuvuta, upande mmoja kijani, upande mwingine mwekundu. Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye hata mgeni asiyempenda angemchinjia kuku anayetaga. Kwetu mgeni hukatiwa kwanza, hupewa firigisi, na wenye nyumba hukwangua sufuria wakitabasamu. Nikavuta mpaka karibu na mwisho. Pengwini nikamwachia makombo. Programu ikaandika onyo kwa wekundu, nikaona ni uchoyo wake tu, nikabonyeza.

Laptop ikaanza kupiga kelele. Feni ikavuma, mshale ukaganda, skrini ikawa kama imepigwa na butwaa. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko.

"Hiyo kitu inapika nini?"

"Mama, nimempa mgeni kila kitu, mwenye nyumba amezimia."

"Mgeni gani huyo anakula mpaka mwenye nyumba anazimia? Mpunguzie!"

Ilibidi nizime laptop kwa nguvu, niiwashe upya, nigawe nusu kwa nusu. Safari hii wote wawili walipumua. Nikaanza kuweka Madirisha ndani, mstari wa maendeleo ukatembea vizuri, ukafika katikati, ukasimama. Diski imejaa. Nikatazama kilichoijaza. Ni yule mgeni mwingine, Hesabu za Kiwanda, amejilaza diski nzima, miguu hadi mlangoni.

Nikajiuliza, hesabu gani hizi za unga zinazonenepa hivi? Na adabu zangu zikaishia hapo. Nikamfungua.

Kwanza ikaja Madirisha. Madirisha yenyewe, na wimbo wake wa kujifungua! Halafu katikati ya skrini alama moja tu, ya trekta. Nikabonyeza.

Lilikuwa shamba. Vilima vya kijani kama vya kule Njoro mvua ikishanyesha vizuri, ngano imesimama, nyumba ya mabati yasiyo na kutu, trekta jekundu limeoshwa. Na ng'ombe. Ee Mola wangu, ng'ombe! Weusi kwa weupe, viwele vinagusa nyasi, wamejipanga kwenye zizi lenye sakafu ya saruji, kila mmoja na jina lake juu ya kichwa. Aliyeongoza kwa maziwa alikuwa na jina langu. Sikujua nifurahi au nitukane. Nikainua macho dirishani, nikaona kile kipande nyuma ya nyumba ambacho huyu huyu mwanamume aliahidi kupanda majani ya ng'ombe, ili mama yake alete angalau mmoja kutoka Molo. Magugu yalikuwa yamepita ua. Na maziwa ya chai tulikuwa tunanunua kwa jirani, kwa chupa ya soda.

Nilijaribu kuingiza programu yangu humo humo kwake. Ikakataa, shamba limechukua kila pembe. Ningeweza kulifuta lote wakati ule ule. Lakini kumfutia mara moja ingekuwa ni kumhurumia, na mimi huruma siku hiyo sikuwa nayo. Nikatafutatafuta, nikaona mahali pameandikwa soko. Nikambonyeza fahali. Nikaulizwa, uza? Nikauza.

Jioni akafika, akaoga, akavaa hedfoni. Mimi nilikuwa kwenye kochi najitia hamnazo, nashona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea. Nikamwona anatulia. Akatazama skrini, akatazama ukuta, akarudi kwenye skrini. Mezani alichezea ugali.

"Una nini, baba watoto?"

"Hesabu hazikubaliani."

"Aki pole. Kuna kitu kimepungua?"

Akanitazama. "Kidogo."

"Kidogo, ama kikubwa?"

"Kikubwa," akasema, akasukuma sahani.

"Kula. Utapata kingine."

Kesho yake nikauza mitamba yote. Jioni alifungua laptop, akafunga, akafungua tena. Alitaka kusema, naona, lakini angesema nini? Angemlilia nani? Mtu aliyeapa na mfupa mkononi! Nilikwenda jikoni, nikauma leso, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mama mkwe akaniuliza kama ni mimba.

Siku iliyofuata nikamaliza zizi. Nikauza wote, wa maziwa na ndama, nikabakisha mmoja tu katikati ya uwanja ule mkubwa. Yule mwenye jina langu.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa anaambua njegere, zile tunaziita minji, kwenye sinia. Mume wangu akaketi, akavaa hedfoni. Na mtu mwenye hedfoni hajui anavyosikika.

"Ng'ombe zangu!" akapiga nduru. "Nani ameuza ng'ombe zangu zote?"

Minji zikaacha kuanguka kwenye sinia. Mama mkwe akageuka polepole. Huyu ni mama wa nyanda za juu, amezaliwa zizini. Kwake mwanamume aliye na ng'ombe ambao mama yake hawajui ana nyumba ambayo mama yake haijui, na ndani ya nyumba hiyo kuna mtu anayewasha moto. Akasimama, akamvua mwanawe hedfoni.

"Wewe una ng'ombe?"

"Mama, si vile unafikiria."

"Ziko kwa nani?"

"Haziko kwa mtu."

"Ng'ombe hazijichungi! Huyo mwanamke ni wa wapi?"

"Mama, hakuna mwanamke!"

"Sasa nani anakamua?"

"Zinakamuliwa na mashine," akasema, kabla hajafikiri.

"Mashine!" Mama akaweka mikono kichwani. "Umemnunulia mpaka mashine! Na mimi huku naosha vyombo na maji baridi!"

Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, naye mama akaona ni kilio. Akaja akanishika bega, akaanza kunipooza, akisema nisijali, yeye yuko upande wangu, atamwita mjomba wa mwanawe kesho. Hapo mwanamume akashindwa. Akaigeuza laptop. "Mama, kuja uone. Ni hizi. Ziko hapa tu."

Mama akatafuta miwani. Akainama, akatazama ule uwanja mtupu, akamtazama yule ng'ombe mmoja kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu anayejua. "Imenona," akakiri. "Maziwa inaenda wapi?"

"Hakuna maziwa, Mama. Ni mchezo."

"Mchezo." Akavua miwani, akarudi kwenye minji zake. "Basi uza na hiyo moja."

Ningeendelea kucheka. Lakini mume wangu alinigeukia, ameshajua mkono uliouza ni wa nani, na badala ya kunikasirikia akatazama chini, na nilipoona anatazama chini kicheko kikaniishia chote. Kwa sababu nilielewa kitu ambacho siku zote hizo, kwa utamu wa kumchezea, sikuwa nimekifikiria mpaka mwisho.

"Ulijua Madirisha inaweza kuingia," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukaniambia haiwezi."

"Nilisema haiwezi kutoshea. Na haingetoshea."

"Kwa sababu ya ng'ombe."

Akasema kwa sauti ndogo, "Tungenunua diski ingine mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi mimi niko Karagita!"

Nilikuwa nimesimama, nami sikumbuki kusimama. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo katika nyumba ile. Si mchezo ulioniuma, kila mtu ana upuuzi wake. Kilichoniuma ni kwamba siku ile mezani alipima, huku ng'ombe wasiokuwepo, huku mke na mama wa watoto wake, akaona ni afadhali mimi ndiye nirudi. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya mama yake. Mama hakunyanyua kichwa, lakini minji alikuwa anazitupa kwenye sinia kwa nguvu.

Mume wangu akavuta laptop karibu. "Wacha nifute mimi mwenyewe," akasema. Akaenda kwa Hesabu za Kiwanda, akachagua kufuta na vyote vilivyomo. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akakaa hapo, kidole kimesimama hewani.

"Ana uhakika!" mama akaita.

Akabonyeza.

Nafasi iliyopatikana ilikuwa kama uwanja wa shoo ya kilimo. Madirisha ikaingia, nikaigawia nusu ya memori, nikabonyeza ile alama ya waya, na kifunguo kikapita kwa mgeni bila neno. Beji yenyewe ilinitesa. Sweta ya kwanza ilikunjamana kifuani, uzi ulikatika, kitabu kilicho kwenye beji kikatoka kama mkate. Ya pili ilikaa. Mwalimu mkuu aliisugua kwa kidole gumba, akaigeuza ndani nje akatazama nyuma, akaniuliza za darasa la kwanza zitakuwa tayari lini. Nilitoka ofisini kwake nikiwa natembea kama mtu wa kawaida, nikafika nyuma ya madarasa nikalia.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi nilikwenda Karagita, si kusimama mezani, bali kuhamisha vitu. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akaja nami, na jirani akatuazima pikapu yake na dereva. Katika miaka yote ile hakuwahi kukiona chumba changu. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwake kila Jumamosi, hakukuwa na sababu ya yeye kuja.

Nikafungua mlango, ukagonga kitanda, kama kawaida yake. Ilibidi nikae kitandani ndipo yeye apate mahali pa kuweka miguu. Akasimama hapo akitazama. Ndoo. Jiko la mafuta ya taa juu ya kreti ya soda. Msumari mmoja wenye aproni yangu ya kazi.

"Ulikuwa unalala hapa?"

"Ulidhani wapi?"

"Na kupika?"

Nikamwonyesha jinsi unavyokunja godoro kwanza, ukasimamisha kwa ukuta, jiko likapata nafasi. Akanyoosha mikono, akagusa ukuta huu na ukuta ule bila kujivuta. Alikaa na mikono hivyo hivyo. Na mtu yule ambaye hajawahi kukosa neno wala mahubiri, akasema polepole sana:

"Ng'ombe zangu zilikuwa na nafasi kuliko hii."

Akaanza kulia. Si machozi ya pembeni, kulia kwenyewe, mabega yakipiga ukuta, mpaka mama wa chumba cha pili akachungulia na nguo zake za kuanika. Ningeweza kumwambia si neno, wengi pale wanaishi hivyo na wanacheka. Sikumwambia. Nilimwacha alie mpaka amalize, kisha nikalikunja godoro, nikalifunga kwa kamba, nikamtwika.

"Beba," nikamwambia. "Dereva anatungoja."